Kusajili mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye zahanati na ofisi ya kata: uzoefu wangu

Kwa mzazi wa Tanzania Bara, usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano ni huduma ya serikali inayostahili sifa. Nimeitumia na ninaipendekeza kwa kila mwenye mtoto mchanga. Ni bure, inapatikana kwenye zahanati au kituo cha afya chenye kliniki ya mama na mtoto, na pia kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, na cheti cha kuzaliwa unakabidhiwa palepale. Kasoro zake zipo, na nyingi zinaingia wakati wa kuandika taarifa, kwa hiyo mzazi aliyejiandaa anaweza kuziepuka.

Utaratibu wa zamani uliwachosha watu. Hospitali ilitoa tangazo la kizazi, yaani karatasi ya kuthibitisha kuwa mtoto amezaliwa, kisha mzazi alitakiwa kulipeleka wilayani, alipie ndipo apate cheti. Wengi waliishia kuweka tangazo kabatini wakidhani ndicho cheti. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa takriban 13% tu ya watoto wa umri huo walikuwa na cheti. Mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ilianza mkoani Mbeya mpango wa kuushusha usajili hadi kwenye kata na zahanati, ada ikaondolewa, na taarifa zikawa zinatumwa kwa simu kwenda kwenye kanzidata ya taifa. Mpango ukaendelea mkoa kwa mkoa. Naona ulifaulu kwa sababu ulimfuata mama mahali anapokwenda tayari, yaani kliniki.

Wakati mzuri ni chanjo ya wiki ya 6. Mtoto atakuwa ameshapewa jina, tangazo la kizazi halijapotea, na bado una wiki ya 10 na ya 14 za kurudi iwapo kuna kitu kimekwama. Ukingoja hadi chanjo ya surua ya mwezi wa 9, karatasi zimeshaanza kupotea. Beba tangazo la kizazi, kadi ya kliniki na vitambulisho vya taifa vya wazazi wote wawili kama mnavyo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani asiachwe: pitia kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa upate barua ya utambulisho inayotaja tarehe na mahali alipozaliwa, kisha uende nayo pamoja na kadi ya kliniki.

Sasa jambo lenyewe, majina. Cheti hiki huandikwa kwa mkono, mara nyingi na nesi ambaye ana foleni ya akina mama na watoto wanaolia. Ukimtajia jina kwa mdomo ataliandika kama alivyolisikia. Hapo ndipo Rehema anakuwa Lehema, Muhammad anakuwa Mohamed, na jina la ukoo linakatwa katikati. Dawa yake ni kuandika kila kitu nyumbani kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja: majina matatu ya mtoto, jinsi, tarehe, mahali alipozaliwa, kisha majina ya mama na ya baba kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Nesi apewe karatasi hiyo anakili. Usiandike jina la utani, na usimwandikishe baba kwa jina ambalo mtaa unamwitia kama kitambulisho chake kinasema lingine.

Mahali pa kuzaliwa ni pale alipozaliwa mtoto, hata kama mnaishi wilaya nyingine. Tarehe nayo iangaliwe vizuri, maana kwenye kadi iliyoandikwa haraka 1 hufanana na 7, na 3 hufanana na 8. Kabla kalamu haijagusa cheti, omba kwa upole usomewe fomu yote kwa sauti. Sijaona mhudumu mwenye nia njema akikasirika kwa ombi hilo. Naye hapendi kuharibu cheti, kwa kuwa ni nyaraka ya serikali. Cheti kilichofutwafutwa usikipokee. Kitakusumbua mbele ya kila dirisha, na kukirekebisha baadaye kunataka viapo, vielelezo na gharama.

Baba naye aje. Kama wazazi hawajafunga ndoa, uwepo wake unasaidia sana, kwa kuwa jina la baba halipaswi kuingizwa kwa maneno ya upande mmoja. Wakija pamoja, baba akakiri mtoto ni wake, shauri linaisha hapohapo.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni ile isiyoonekana. Unaondoka na cheti mkononi, lakini taarifa za mtoto bado zipo kwenye simu ya mhudumu zikingoja mtandao. Zisipotumwa, cheti chako hakina rekodi nyuma yake, nawe hutalijua hilo mpaka kitakapotakiwa kuhakikiwa. Waombaji wa mikopo ya elimu ya juu hutakiwa kuwa na cheti kilichohakikiwa, na huko ndiko wengine hugundua tatizo la miaka mingi nyuma. Kwa hiyo uliza waziwazi: taarifa zimeshatumwa? Kama bado, ulizia tena kwenye chanjo inayofuata ukiwa na cheti. Piga picha ya cheti ibaki kwenye simu, na namba yake iandike mahali pengine pia.

Kuna siku utaambiwa vyeti vimekwisha. Usikubali kuondoka mikono mitupu. Uliza ofisi ya kata, kwa sababu vituo hivi viwili huweza kuwa na akiba tofauti. Na ukishakipata usikibandike plastiki ya moto. Bahasha ngumu inatosha, karatasi ibaki huru kukaguliwa na kupigwa muhuri.

Serikali ingeweka mwandishi wa usajili siku za chanjo, badala ya kumbebesha nesi mmoja sindano na kalamu, makosa mengi yangeisha. Hili nalisema kwa uzito, maana cheti kinashikilia haki nyingine. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inataka mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa, na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 6, inampa haki ya jina na uraia na kumwachia mzazi au mlezi jukumu la kumsajili. Sheria hiyohiyo inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Binti aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 12, ambaye hana cheti, atamthibitishiaje afisa ustawi wa jamii umri wake?

Mtoto akivuka miaka mitano, njia hii ya bure inafungwa. Utaanza safari ya wilayani, ada, na maswali kwa nini ulichelewa, na kadiri miaka inavyoongezeka ndivyo vielelezo vinavyotakiwa vinavyozidi. Kama wako anakaribia umri huo, angalia kadi ya kliniki leo na uende kliniki au kata wiki hii.