Bunduki yangu ya kwanza ya marisau: mitutu miwili na bega la kushoto

Nimekaa na bunduki hii ya marisau, yaani ile inayorusha vijipira vidogo vingi kwa mpigo, mwaka mmoja na miezi miwili. Imetoka kwenye sefu mara nyingi kwenda kuvunja visahani uwanjani, vile viitwavyo vya udongo vinavyorushwa angani ili vilengwe, na usiku mmoja tu kwa ajili ya nyumba. Naandika hasa kwa wanawake wanaoniuliza, maana wengi wetu tunauziwa kitu kilichochongwa kwa bega la mwanamume wa futi sita kisha tunaambiwa tatizo ni sisi.

Tunakaa nje kidogo ya Kigumba, kilomita mbili kutoka lami ya barabara ya Kampala kwenda Gulu. Tunalima mahindi na alizeti, na nafuga kuku wa nyama. Baba Baraka anaendesha lori la Juba, kwa hiyo mwezi mzima unaweza kupita tuko mimi, mama mkwe na watoto watatu. Mahindi yakishakauka na kuingia ghalani, pesa ya msimu mzima inalala kwenye magunia, na kijiji chote kinajua.

Kibali sitakieleza sana. Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 haimpi mtu bunduki kwa sababu tu ana hela. Nilianza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nikaenda polisi, nikajibu maswali yaleyale mara tatu, nikangoja. Cheti ni cha mtu mwenyewe na kina muda wake, si cha ukoo. Afande mmoja aliniuliza mbona nisichukue bastola kama wengine. Nikamjibu kwamba nataka silaha nitakayoifanyia mazoezi mpaka niiamini, na bastola haivunji kisahani angani. Akacheka, akaandika. Tena tangu 2018, Rais alipoagiza bunduki zote zichukuliwe alama za kuzitambua, kama mtu anavyochukuliwa alama za vidole, watu wamekuwa wakiniambia ya marisau haina alama. Si kweli. Vijipira vyake havikwaruzwi na mtutu, sawa, lakini kile kipini kinachogonga risasi huacha alama yake kwenye ganda.

Sasa bunduki yenyewe. Dukani nilionyeshwa kwanza ya kuvuta, ile ambayo kishikio cha mbele kinarudi nyuma na kwenda mbele kuleta risasi nyingine. Ni aina nzuri, imara, na bei yake haitishi. Muuzaji akanipa niipandishe begani. Kitako kikanigota kwapani, shavu likafika katikati ya mbao badala ya juu. Akasema, "Utaizoea, mama." Hapo ndipo karibu nipotee.

Aliyeniokoa ni mzee wa mazoezi, sajini mstaafu tunayemwita Afande hadi leo. Aliniambia ninyooshe mikono, nifanye tundu dogo kwa viganja viwili, nitazame kufuli la mlango kupitia tundu hilo, kisha nirudishe mikono taratibu hadi usoni bila kuacha kulitazama. Tundu likanijia jicho la kushoto, yaani hilo ndilo jicho langu la kulengea. "Mama Baraka, wewe ni mashoto mpaka jicho," akasema. Nilijua naandika na kulima kwa kushoto, jicho sikulijua. Jambo hilo moja lilibadilisha ununuzi wote.

Bunduki nyingi za kuvuta hutupa ganda kwa upande wa kulia. Kwa anayelenga kwa bega la kushoto, ganda hilo la moto linapita mbele ya uso wake. Kitufe cha usalama nacho kina mambo yake: kwenye Remington 870, ambayo imekuwepo tangu 1950, kiko nyuma ya kifyatulio na kimewekwa kwa kidole cha mkono wa kulia. Kwenye Mossberg 500 kiko juu kabisa, dole gumba la mkono wowote linakifikia. Kwa hiyo kama ningechukua ya kuvuta, ningechukua Mossberg. Lakini nilitaka pia visahani, na kwa visahani niliangukia bunduki ya mitutu miwili iliyopandana, hii inayofunguka katikati kama kisu cha kukunja. Haitupi ganda kulia wala kushoto: unaifungua, maganda unayatoa mwenyewe, na mtu yeyote aliye karibu anaona kwa macho kwamba iko tupu. Nina watoto, kwa hiyo hilo la mwisho nalipa uzito kuliko yote.

Nilichukua geji 12. Namba hiyo, kwa asiyejua, ni idadi ya vipira vya madini ya risasi vyenye upana wa mtutu vinavyotimiza ratili moja. Vipira 12 vinatimiza, basi ni geji 12, upana wa milimita 18.5 hivi. Geji 20 ni nyembamba zaidi, kama milimita 15.6, na wengi humshauri mwanamke aichukue. Mimi nilipouliza risasi za 20 niliambiwa zingoje, za 12 zilikuwepo rafuni kila nilipokwenda. Na teke la bunduki linapunguzwa kwa njia nyingine. Bunduki yangu ina kilo 3 na nusu, na uzito huo unalimeza teke. Risasi ninazotumia ni nyepesi, zenye gramu 24 za vijipira, kipimo kilekile cha wanaoshindana Olimpiki.

Bado wiki mbili za mwanzo bega lilikuwa jeusi kama bilinganya. Tatizo likawa kitako. Kilikuja na urefu wa sentimita 37 kutoka kifyatulio hadi mwisho wake, na mimi nina mkono mfupi. Fundi akakata sentimita mbili na nusu, akagongelea kipande cha mpira mwisho. Jumamosi iliyofuata nilifyatua risasi 50, nikarudi nyumbani nikasonga ugali kwa mkono uleule. Kama una pesa za jambo moja tu la ziada, mpe fundi huyo. Nakshi za pembeni na mbao za kung'aa hazisaidii bega.

Kabla ya visahani, Afande alinitundikia boksi la katoni lililokunjuliwa. Hatua nane, kama urefu wa korido yangu, nikafyatua mara moja. Nilitegemea katoni nzima ichakae, maana ndivyo tunavyosikia mitaani, kwamba ya marisau haihitaji kulenga, inafagia. Kulikuwa na tundu moja linalolingana na kisosi cha chai. Nikaweka kiganja, kikalifunika. Tukarudi hatua thelathini, tukatundika katoni nyingine, na sasa matundu yakatawanyika kama mtama uliomwagika, mengine yakitoka nje ya ukingo. Katika gramu 24 za saizi namba 7 na nusu kuna vijipira karibu 300. Nilikaa chini nikaanza kuvihesabu, nikaishia 140. Siku hiyo nilielewa kwamba ndani ya nyumba nitawajibika kwa kila ninachokielekea, na kwamba nyuma ya ukuta wangu wa chumba cha wageni analala mama mkwe.

Visahani ni raha ambayo sikuitarajia. Ni vidogo, upana wa milimita 110, gramu mia na kidogo, na ingawa jina lake ni udongo vimetengenezwa kwa lami na vumbi la chokaa. Afadhali hivyo: kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900 walishindana kwa kupiga njiwa hai. Raundi ni visahani 25. Mara ya kwanza nilivunja 4. Kosa langu lilikuwa kusimamisha bunduki pale ninapofyatua, kisahani kikapita zake. Sasa naifuata, naipita, nafyatua huku mtutu bado unakwenda, na shavu halinyanyuki kwenye mbao mpaka nione vumbi jeusi angani. Mwezi uliopita nilifika 17. Mitutu ya sentimita 71 inasaidia hapo, inakwenda kwa utulivu bila kutikisika.

Urefu huohuo ndio ubaya wake nyumbani. Mwezi wa tisa mbwa walibweka saa nane usiku upande wa banda la kuku. Nilimpigia mwenyekiti na jirani, nikafungua sefu, nikafungua kisanduku cha risasi ambacho kina ufunguo wake peke yake, gizani, vidole vikitetemeka. Nilipogeuka korido, ncha ya mtutu iligonga fremu ya mlango. Mkwaruzo upo mpaka leo. Nikakaa nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, bunduki ikielekea sakafuni, hadi niliposikia sauti ya jirani na tochi zake. Wezi walikuwa wamekata kufuli la banda na kukimbia na kuku sita. Sikufyatua, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Anayetaka silaha ya nyumba pekee asinunue hii. Ni ndefu, ina risasi mbili tu, na yangu hufunguka kwa ugumu ikiwa na baridi ya asubuhi. Anayetaka visahani kwanza na nyumba baadaye, hasa mashoto mwenzangu, aitafute, lakini asitoe hata shilingi kabla hajaipandisha begani mara ishirini na kupima kitako. Mimi nimeongeza mbwa wa tatu, na nimehamisha sefu: sasa iko chumbani kwangu, upande wa kitanda usiopita korido.