Printa ya ofisi: USB ya kompyuta moja au mtandao moja kwa moja?

Ukichomeka printa kwenye kompyuta ya mapokezi na kuwashirikisha wenzako, hununui kitu. Hata printa ya zamani inafaa. Ila kompyuta hiyo ikizimwa, ofisi nzima haichapi. Nimeshuhudia foleni ikisubiri mhudumu atoke kula.

Printa yenye tundu la mtandao ni ghali zaidi, lakini haimtegemei mtu. Usumbufu wake mkubwa ni anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao: umeme ukikatika na kurudi, rauta, kifaa kinachogawa namba hizo, yaweza kuihamisha kutoka 192.168.1.50 hadi 192.168.1.57, na kompyuta zikadai haipo ilhali taa inawaka kijani. Itengee anwani ya kudumu kwenye rauta, kisha iandike ubavuni mwa printa.

Mko watatu chumba kimoja? USB yatosha. Ghorofa mbili au zamu za usiku, wekeni ya mtandao.