Orodha (list) au kamusi (dict) kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta?
Vijana ninaowafundisha hapa Kigoma huniuliza hili kila mara. Chukua magunia ya dagaa yanayoshushwa Kibirizi. Ukiandika kilo = [42, 38, 42], orodha inatunza zamu na inapokea 42 mara mbili. Kamusi hutunza kila thamani chini ya jina lake, yaani ufunguo; ukirudia ufunguo, thamani ya zamani inafutika kimyakimya. Hilo limewaliza wengi. Kumbukumbu ya kompyuta pia orodha inakula kidogo.

Ila kutafuta bei ya samaki aitwaye migebuka kati ya majina 10,000, orodha inapekua moja baada ya jingine, wakati kamusi, ukiandika bei["migebuka"], inafika moja kwa moja. Kamusi inasomeka kirahisi pia; kwenye orodha, kilo[2] ni gunia la tatu, maana hesabu inaanzia 0, na mwanafunzi mpya hujikwaa hapo. Unapima kwa zamu? Orodha. Unauliza kwa jina? Kamusi.