Mshauri wa bustani aliyeanza na ukuta: uzoefu wangu

Nilimwita mshauri wa bustani kwa mambo mawili: mimea ya sebuleni iliyokuwa ikigeuka njano jani baada ya jani, na eneo dogo nyuma ya nyumba nililotaka kulipa sura mpya. Huduma yenyewe iko hivi: unajibu maswali machache, unatuma picha, mtu anakuja kwako kwa nusu siku, halafu unapelekewa mchoro na maelezo ya maandishi. Nilipokuwa natafuta msaada sikupata wa kunieleza ziara ya namna hii ina nini hasa, ndiyo maana naandika. Kwa maoni yangu, thamani karibu yote imo kwenye zile saa anazokuwa nyumbani kwako.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia programu ya simu inayotambua mimea. Kwa kutaja jina la mmea inafaa, na bado ninayo. Lakini ukiiuliza kwa nini majani yamekuwa ya njano, inakupa maji mengi, maji machache, upungufu wa naitrojeni, mwanga hafifu, wadudu. Yote yanawezekana, na hapo ndipo unapobaki umesimama na kopo la maji mkononi hujui umwagilie au uache. Picha haioni mizizi.

Mshauri alipofika hakuingia ndani. Alizunguka nyumba akifuata ukuta, akiinama kila baada ya hatua chache kuangalia pale ukuta unapokutana na ardhi. Upande wa nyuma palikuwa na tuta la maua la zamani, udongo wake umerundikwa hadi kupita usawa wa sakafu. Chumba kinachopakana na ukuta huo kilikuwa kinabambuka rangi, nami nilishapanga kukipaka upya katika mabadiliko haya haya.

"Dada, hata hiyo rangi mpya itabambuka," aliniambia. "Maji yanaingilia hapa."

Akaeleza kwamba ukuta uliojengwa vizuri huwa na tabaka la kuzuia unyevu sehemu ya chini, na udongo wa nje unatakiwa uwe angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo. Udongo ukilipita, unyevu unapata njia ya kuingia ukutani. Ardhi nayo inatakiwa iinamie upande wa nje, ili maji ya mvua yaiache nyumba. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bustani yangu ikawa kushusha udongo kwa koleo, kabla ya ua lolote. Kwa hili peke yake sijutii kumwita.

Kisha akachimba shimo la kina cha kama sentimita 30, akalijaza maji, akasubiri yanywee, akalijaza tena, ndipo akaanza kupima kwa rula. Maji yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 7.5 kwa saa, mimea mingi itaishi vizuri mahali hapo. Yangu yalishuka taratibu zaidi. Tulipokuwa tunasubiri alitia udongo kwenye chupa ya kioo yenye maji, akaitikisa kwa nguvu na kuiweka mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, chembe laini zinazofuata huchukua saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi huweza kupitisha siku nzima. Aliniachia chupa niitazame mwenyewe, na tabaka la mfinyanzi lilikuwa nene kweli.

Watu wengi hukimbilia kumwaga mchanga kwenye udongo wa aina hii. Alinikataza: mchanga kidogo ukichanganyika na mfinyanzi, mchanganyiko huo ukikauka unaweza kuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Kinachosaidia ni mboji, kwa sababu hushikanisha zile chembe ndogo ndogo zikawa mabonge yenye nafasi katikati ya kupitisha hewa na maji. Juu yake matandazo, yaani majani makavu au nyasi za kufunika udongo, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasigusane na shina.

Ndani ya nyumba ndipo nilipojifunza zaidi. Alichukua mmea uliokuwa na hali mbaya kuliko yote, akaupindua, akautoa kwenye chungu na udongo wake. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, yenye harufu ya uvundo. Ganda lake la nje lilichubuka kwa kuguswa tu. Mizizi yenye afya huwa imara, na kwa mimea mingi huwa na rangi nyeupe au ya maziwa. Akasema mzizi unahitaji oksijeni kama sehemu nyingine yoyote ya mmea, na maji yakijaa katika kila upenyo wa udongo hewa haina pa kukaa. Mizizi hufa, vimelea vya kuozesha huingia, na mmea wenye mizizi iliyokufa hauwezi kufyonza maji hata ukiwa umezama ndani yake. Ndiyo maana unanyauka kama wenye kiu. Mwenye nyumba akiona hivyo anaongeza maji.

Vyungu vyangu vilikuwa na tabaka la kokoto chini badala ya tundu. Hilo ni jambo linaloshauriwa kila mahali, nami naomba msomaji alisikie vizuri: kokoto hazikaushi udongo. Maji hayateremki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe yenye nafasi kubwa. Hubaki yameshikiliwa juu ya mpaka huo hadi udongo ujae kabisa. Ukiweka kokoto unakuwa umelipandisha tu lile eneo lenye majimaji likaribie mizizi zaidi. Tundu chini ya chungu ndilo jibu. Na mmea ukihamishwa, chungu kipya kiwe kipana kuliko cha zamani kwa sentimita chache tu, maana udongo mwingi usiofikiwa na mizizi hukawia kukauka.

Suala la mwanga lilikuwa fupi. Aliweka mkono juu ya karatasi nyeupe mahali ambapo mmea unakaa: kivuli chenye kingo kali ni mwanga mwingi, kivuli hafifu ni mwanga wa wastani, na kisipoonekana kabisa basi mmea unakaa gizani hata kama macho yako yanaona vizuri. Macho hujirekebisha; majani hayawezi.

Nilimuuliza mimea ipi inasafisha hewa, kwa kuwa nilitaka kuijaza chumbani. Kampuni yake pia inauza mimea, na angeweza kunitajia kumi. Akanieleza kwamba habari hiyo ilienea kutokana na jaribio la NASA, shirika la anga la Marekani, lililotolewa mwaka 1989, lililofanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili ilingane na kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo kwa kawaida. "Weka mmea kwa sababu unaupenda," alisema, "na dirisha ulifungue." Hapo ndipo nilipomwamini.

Mchoro uliokuja baadaye haukufikia kiwango hicho. Ulikuwa mzuri kwa macho, picha za bustani zilizokwisha kukomaa, lakini haukutaja upana wa kila mmea ukishakua, na nafasi kati ya miche zilikuwa finyu mno. Majina yalikuwa ya kibiashara, ambayo kitalu kimoja huyatumia kwa mmea mmoja na kingine kwa mmea mwingine. Baya zaidi, walinipangia oleanda kando ya njia bila kusema kwamba mmea huo ni sumu kuanzia jani hadi ua, ilhali kwenye yale maswali ya mwanzo nilieleza wazi kwamba kuna mtoto mdogo hapa. Nilipowaandikia waliubadilisha bila ubishi, ingawa majibu yao yalichelewa. Sijui kwa nini kampuni yenye mtaalamu makini namna ile inaacha mchoro utoke bila yeye kuupitia.

Kwa hiyo nashauri ulipie ziara, na mchoro uuchukue pale tu watakapokubali kuandika jina la kisayansi la kila mmea, kimo na upana wake ukikomaa, mahitaji yake ya jua, na kama una sumu. Siku anapokuja, usiwe umepogoa majani yaliyougua wala kupulizia dawa wala kumwagilia asubuhi ile. Muache akute vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe kama pamba, kwenye makwapa ya majani, udongo ulivyo, na ile rangi inayobambuka, maana hizo ndizo dalili anazokuja kuzisoma.