Harufu ya maziwa yaliyomwagika garini: cha kununua na cha kuacha dukani

Meseji za wasomaji zinafanana. Ndoo ya mtindi imepinduka kwenye buti, au samaki wa soko la Feri, Dar, wamevuja chini ya siti. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, samaki wanasafiri kwenye mifuko mbadala ambayo maji yanapita tu. Gari limeoshwa, limepuliziwa, limenukia siku mbili, kisha jua kali la kwanza likaamsha yote. Mmoja kanitumia picha ya chupa tupu ya dawa, kaimaliza yote, anauliza sasa anunue ipi.

Sitawaambia mfute mapema. Anayesoma hapa keshachelewa.

Kabla ya pesa kutoka, jueni harufu inaishi wapi. Kwenye Toyota IST, Passo na ndugu zao, chini ya kapeti kuna sufi nene ya kijivu, na hiyo ndiyo iliyokunywa maziwa yako. Fungua bolti za siti ya mbele kwa spana namba 14, inua kapeti, bonyeza sufi kwa kidole. Juu kapeti limekauka kau, chini bado kuna majimaji. Soketi ya njano utakayoiona chini ya siti ni ya eabegi, usiichomoe kabla hujatenganisha betri na kusubiri kidogo. Dawa yoyote isiyofika kwenye ile sufi ni pesa uliyomgawia muuzaji.

Nafasi ya kwanza naipa Nature's Miracle, na sifichi kwamba nina upande. Imetengenezwa kwa ajili ya uchafu wa mbwa na paka, kwa hiyo msiitafute kwenye rafu za vifaa vya magari. Ulizeni wanaouza vyakula vya wanyama, au mtu wenu anayerudi kutoka Marekani. Ni dawa ya vimeng'enya, yaani inavunja vunja kile kitu chenyewe kinachooza, iwe maziwa, mkojo au matapishi ya mtoto, badala ya kukifunika. Haipulizwi kama manukato. Inamwagwa mpaka ifike maziwa yalipofika, kisha funika kwa kipande cha nailoni isikauke, iache ilale, kesho yake fungua milango yote gari likauke. Ikikauka mapema, kazi inakatika njiani. Na kama mwosha magari wako alishatangulia na Jik au sabuni kali, suuza kwanza, la sivyo utakuwa unaiua dawa kabla haijaanza.

Sasa kasoro ambayo hakuna anayeiuliza dukani: chupa hiyo ilikaa wapi kabla ya kufika mkononi mwako? Vimeng'enya ni protini, na protini ikishapigwa na joto kali imekwisha, kama ute wa yai uliokwisha kuganda kikaangoni haurudi kuwa majimaji. Dawa inabaki na rangi ileile, povu lilelile, ila kazi haifanyi. Halafu tazameni maduka yetu yalivyo: rafu ya mbele, kioo kinachotazama magharibi, jua la Februari la Dar alasiri yote. Watu wanabishana chapa ipi bora, na huenda wote walinunua maji ya rangi.

Mimi siku hizi naizungusha chupa kabla sijauliza bei. Upande uliotazama dirisha maandishi mekundu yamefifia yakawa ya waridi, upande wa nyuma bado yanawaka. Hiyo irudishe. Omba iliyoko stoo, ndani ya boksi, na usome tarehe. Ukishainunua usiiache kwenye buti wiki nzima, maana gari lililofungwa juani ni baya kuliko dirisha la duka.

Na wauzaji mnajua mnachofanya. Kuna duka moja Kariakoo nilikuta stika ya bei imebandikwa sawasawa juu ya tarehe. Nikaibandua kwa kucha, mwaka ulishapita. Kijana akaniambia, "Dada, dawa ni dawa tu." Bei ilikuwa mara mbili ya duka la jirani, chupa ileile, ujazo uleule. Kwa nini? "Hii orijino, dada yangu." Huyo jirani naye dawa yake ilikuwa imepangwa nje barazani, juu ya matairi.

Nafasi ya pili si dawa, ni mashine: ile inayopuliza maji na kuyanyonya papo hapo. Huna haja ya kuinunua. Tafuta wanaoosha magari wenye Kärcher Puzzi au mfano wake, wakunyonyee sponji ya siti na kapeti. Simama pale pale uangalie maji machafu yanavyoingia kwenye tanki, na yakianza kutoka meupe ndipo uwaambie basi. Wengi wanapitisha mara moja, wanakudai bei ya gari zima. Ukiweza, mashine itangulie na vimeng'enya vifuate.

Mashine ya ozoni, inayojaza gari gesi ya kuua harufu, inasifiwa sana siku hizi, na wanaoikodisha wanaipandishia bei kila kukicha. Inasaidia kwa harufu iliyobaki kwenye dari na njia za AC, lakini gesi haiingii kwenye sufi iliyolowa, kwa hiyo ukianza nayo harufu itarudi. Ozoni inaumiza mapafu: asikae mtu wala mnyama ndani, na ikizimwa liache gari wazi mpaka lipitwe na hewa vya kutosha. Ukiirudia rudia inachosha mipira ya milango. Badili pia chujio la hewa ya AC, kwenye Toyota nyingi liko nyuma ya droo ya dashibodi, dakika chache tu.

Vya bei rahisi: beking soda kwa maziwa, kwa sababu maziwa yaliyochacha ni asidi. Siki iliyopunguzwa maji kwa shombo ya samaki, kwa sababu zilezile za kunawa ndimu ukishapaa samaki. Vyote viwili kwa pamoja vinauana, na siki isikutane kabisa na Jik, mvuke wake ni sumu. Mkaa kwenye kopo, haya, ukipenda.

Pafyumu ya gari inakaa mkiani. Kile kimti cha karatasi cha Little Trees kilibuniwa mwaka 1952 na mkemia Julius Sämann huko Watertown, jimbo la New York, na inasimuliwa kwamba aliyemchokoza ni dereva wa lori la maziwa aliyelalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Kimti ni kizuri, lakini maziwa ya yule dereva yalibaki palepale. Mtindi na vanila kwenye foleni ya Ubungo, AC mbovu, mnaijua wenyewe.

Kama umefanya yote na sufi bado inanuka, acha kununua chupa. Nenda mtaa wa Gerezani, Dar, kwenye spea za mtumba, uliza kapeti la gari lako likiwa na sufi yake. Ila linuse kabla hujalipa.