Kusaka vimondo na kuzuru magofu ya Sijilmasa, Moroko: uzoefu wangu

Kwanza niseme nilinunua nini. Ni safari ya kuongozwa kusini-mashariki mwa Moroko, kituo kikiwa mji wa Erfoud. Kampuni inakuunganishia mambo mawili: kutafuta vimondo kwenye tambarare za mawe upande wa Taouz, na kuzuru magofu ya Sijilmasa pale Rissani. Gari, chakula, hema na mwongozaji vimo kwenye bei. Bakshishi ni juu yako. Kampuni yenyewe siitaji, maana lalamiko langu kubwa ni zito na sina namna ya kulithibitisha.

Tangazo lilijaa picha za matuta ya mchanga ya Erg Chebbi. Ni mazuri kweli, ila huko hakuna anayesaka kimondo, kwani mchanga humeza kila kitu. Kazi hufanyika kwenye uwanda mkavu wa changarawe, wa rangi hafifu, ambako jiwe jeusi huonekana kwa mbali na ukame hulihifadhi kwa maelfu ya miaka. Mnajipanga mstari asubuhi na mapema jua likiwa bado chini, mnaachiana hatua kadhaa, mnatembea taratibu macho yakiwa ardhini. Saa ya kwanza inapita, na ya pili. Anayedhani ataokota vimondo kama maembe baada ya upepo atachoka kabla ya chai. Isitoshe, wahamaji wa huku wamekuwa wakivisaka kwa bidii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na macho yao si kama yetu.

Kilichookoa sehemu hii ni mwongozaji, Mwamazighi (Mberiberi) aliyekulia jangwani humo. Kila nilipomwonyesha jiwe jeusi linalong'aa, alinipa kipande cha kigae akaniambia nilikwaruze kwenye upande wa kigae usiong'arishwa. Likiacha mstari mwekundu wa kutu, ni hematiti; likiacha mweusi, huenda ni magnetiti, yote mawili madini ya chuma ya hapa hapa duniani. Kimondo kwa kawaida hakiachi kitu. Kisha alitoa chake mfukoni, kimesagwa pembeni, akanipa lenzi. Ndani niliona chembe za chuma ziking'aa, na katikati yake vijiduara vidogo mno: kondruli, matone ya mwamba yaliyoganda zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, kabla Dunia haijawa Dunia. Hapo uchovu wote uliniisha.

Jambo jingine lililonipendeza ni kwamba alikataa kabisa sumaku kali. Wengi huibandika kwenye kila jiwe ili kujua kama lina chuma, kumbe sumaku hiyo hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale ambayo kimondo kilikuja nayo, na wanasayansi hawawezi kuirudisha. NWA 7034, kile kimondo cheusi maarufu kutoka Mirihi kilichonunuliwa Moroko, kina vipande vilivyoharibiwa hivyo hivyo. Herufi hizo tatu zina maana ya Kaskazini-magharibi mwa Afrika, na mawe mengi ya masokoni hupewa kwa sababu hakuna anayejua yaliokotwa wapi hasa. Ndiyo maana mtu wetu alipiga picha na kuandika mahali kamili kwa GPS hata kwa mawe aliyoyatilia shaka.

Sasa lalamiko. Asubuhi moja mgeni mwenzetu alipiga kelele za furaha, jiwe zuri lenye ganda jeusi, si mbali na magari yalipoegeshwa. Jiwe lililolala miaka mingi huwa limejichimbia kidogo. Ukiliinua, linaacha kitako chake ardhini. Hili lilikaa juu ya changarawe bila alama yoyote chini yake. Mwongozaji alilitazama, akanyamaza. Jioni msimamizi wa kambi akaja na cheti cha kuuza. Mimi nimeona niliyoyaona. Pia hakuna aliyetuambia kabla ya kulipa kwamba kutoa kimondo nje ya Moroko kunahitaji kibali. Ulizeni mapema, na mtake jibu la maandishi.

Sijilmasa ndiyo iliyodhulumiwa zaidi. Tulifikishwa saa sita mchana, jua la utosi, tukapewa muda usiofika saa moja. Kwa macho tu utakasirika: kuta za udongo zilizomomonyoka, lango, mbuzi. Lakini mji huu ulianzishwa mwaka 757, na kwa karne nyingi dhahabu ya Afrika Magharibi ilipita hapa kwenda kaskazini. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Moroko, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikaa hapa akinunua ngamia na malisho ya miezi minne kabla ya kulivuka jangwa kwenda Mali mapema mwaka 1352. Mwenyeji wake alikuwa ndugu wa mtu aliyekutana naye China! Tende za hapa alizisifu kuliko za Basra. Mji ulianguka na kuinuka, hadi watu wa kabila la Ait Atta walipoubomoa mwaka 1818. Haya yote tuliyapata haraka haraka, dereva akipiga honi. Ngoma za usiku kambini ningeziacha zote nipate saa moja zaidi pale.

Je, ningemshauri mtu aende? Kwa mwongozaji yule, ndiyo, hata nikijua nitarudi mikono mitupu. Kwa kampuni, mpaka wabadilishe ratiba. Nendeni kati ya Novemba na Februari, mbebe koti zito maana usiku ni baridi kali, na viatu vyenye soli ngumu. Mkiweka nafasi, sisitizeni Sijilmasa iwe asubuhi, na vimondo visubiri.