Karatasi ya Kadi za Rangi za Maji: Ipi Ununue Ukiwa Kigoma

Tangu mvua zianze, wasomaji wa Ujiji, Mwanga na hata Kasulu wamekuwa wakiniletea lalamiko lilelile. Wamenunua karatasi nene iliyoandikwa gramu 300 kwa mita ya mraba, wakagonga muhuri wa mchikichi au wa mtumbwi, wakanyunyiza unga wa kuinua mchoro, ule unaoshika kwenye wino mbichi na kuacha mstari ulioinuka ukiyeyushwa kwa joto, na kuuyeyusha vizuri, lakini walipopitisha brashi yenye rangi, rangi ilizama papo hapo na kuacha mabaka yenye kingo kali ambayo hayalainiki hata yaongezwe maji kiasi gani. Wengi wanailaumu rangi, na wengine wamekimbilia kununua brashi za bei kubwa zaidi. Tatizo haliko huko. Liko kwenye gundi ya karatasi, jambo ambalo muuzaji halitaji na mnunuzi haliulizi.

Karatasi ya rangi za maji hutiwa gundi kiwandani, ambayo inaweza kuwa jelatini, wanga au gundi ya kemikali, ili maji yakae juu kwa muda kabla ya kunywewa. Muda huo ndio unaokuwezesha kuchanganya buluu ya ziwa na rangi ya machungwa ya machweo bila kuacha mstari katikati. Karatasi ikikaa muda mrefu mahali penye unyevu, gundi hiyo huharibika, na katika mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika si ajabu kukuta bunda lililosahaulika kwenye rafu ya chini, limeegemea ukuta unaotoa jasho. Kwa macho huoni kasoro yoyote, kwa kuwa weupe ni uleule na unene ni uleule.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, omba kipande cha pembeni na udondoshe tone moja la maji kwa ncha ya kidole. Kwenye karatasi isiyoharibika tone husimama limevimba na kung'aa, nawe una nafasi ya kumaliza salamu na mwenye duka likiwa bado lipo. Kwenye karatasi iliyoharibika hutanuka mara moja, eneo lake huwa jeusijeusi, na ukigeuza upande wa pili unakuta doa limeshafika. Wasomaji wa Tabora, ambako hewa ni kavu zaidi, hawasumbuliwi sana na jambo hili, lakini nao wapime, kwa maana hawajui bunda lilikaa wapi kabla ya kupakiwa.

Unyevu huohuo huharibu pia kazi ya muhuri, kwa sababu unga hung'ang'ania hata pasipo na wino. Pasha karatasi joto kidogo, kisha ipanguse kwa kitambaa chenye pouda ya mtoto kabla ya kugonga. Kuyeyusha kunahitaji mashine ya hewa ya moto, mfano wa ile ya mafundi simu. Draya ya nywele haifai, kwani hupeperusha unga kabla haujapata moto wa kutosha.

Nafasi ya kwanza ninaipa Arches ya gramu 300 yenye uso laini, ambayo paketi yake huandikwa Hot Pressed, na sioni haya kusema kwamba naipenda kuliko zote. Hutengenezwa Ufaransa kwa pamba tupu, katika kiwanda ambacho historia yake inaanzia mwaka 1492, na jelatini yake imeingia hadi ndani, haikupakwa juu tu. Ukifuta kosa kwa brashi yenye maji, uso haunyofoki. Ulaini wake una maana kubwa kwa mihuri: kwenye karatasi yenye vinundu wino hugusa vilele na kuruka mabonde, na majani membamba ya mchikichi hutoka yamekatikakatika. Nunua shiti kubwa ya sentimita 56 kwa 76 badala ya bunda dogo. Ikate vipande vya sentimita 14 kwa 19, nawe utapata kadi 16 za kukunja, na hapo bei haitishi tena.

Ya pili ni Fabriano Artistico kutoka Italia, nayo ni ya pamba tupu, na gundi yake haina kitu chochote cha mnyama, jambo ambalo baadhi ya wateja wa kadi za Idi huliulizia. Chagua yenye uso laini vilevile.

Ya tatu ni Canson XL, ya rojo la mbao. Inatosha kwa mazoezi na kwa kadi zenye rangi chache, mradi usisugue. Manila ya dukani ibaki kuwa bahasha.

Linalonikera ni mtindo wa baadhi ya wauzaji kufungua bunda na kuuza karatasi mojamoja bila jalada, huku mnunuzi akiambiwa kwamba ni ya pamba kwa sababu tu ni nene. Shiti nzima ya Arches ina jina la kiwanda ndani yake, linaloonekana ukiiinua kwenye mwanga. Kipande kilichokatwa hakina ushahidi huo, na bado hutozwa bei ya karatasi ya daraja la kwanza, kisha huongezewa na gharama ya usafiri wa kutoka Dar es Salaam. Usafiri ni gharama halali na siukatai. Lakini anayetoza bei hiyo anapaswa kuonyesha jalada, kuweka mzigo wake juu ya rafu kavu ndani ya nailoni, na kumruhusu mteja adondoshe tone lake la maji. Akikataa tone, mwachie karatasi yake.